Fundi Friji Alipokaa Mezani

Mke wangu aliondoka na treni kwenda Tabora katikati ya mwezi wa tisa kumlea binti yetu aliyejifungua. Aliniachia unga wa muhogo nusu debe, chupa ya mawese, na maelekezo marefu ambayo sikuyasikiliza. Siku ya tatu niliunguza sufuria. Siku ya nne nikaona mwanaume wa miaka hamsini na mbili hana sababu ya kugombana na mwiko wakati mji umejaa watu wanaopika kwa kulipwa. Kuanzia hapo, kwa wiki sita, nilikula nje hapa Kigoma: Mwanga, mjini, Kibirizi, Ujiji, hadi stendi ya Masanga siku moja niliyokwama huko.

Mimi ni fundi wa majokofu. Miaka kumi na tisa nimekuwa naingia kwenye migahawa ya Kigoma, ila kwa mlango wa nyuma. Najua friza ya nani mpira wake wa mlango umechanika. Najua nani anapanga soda na utumbo rafu moja. Kula humo, hapana. Fundi anapewa soda, analipwa, anaondoka na kisanduku chake. Kwa hiyo nilianza zoezi hili na kiburi kidogo. Nilijiona ndiye mtu pekee mjini anayejua pa kula, kwa sababu nimeona vya ndani. Kipimo changu kilikuwa kimoja tu: friza nzuri, chakula kizuri.

Kipimo hicho kilidumu siku mbili.

Jioni ya kwanza nilikwenda mahali pa kutazama ziwa. Sitapataja, ni wateja wangu na wananilipa kwa wakati. Wana friza mbili za kulala, moja niliibadilishia kompresa mwenyewe mwezi wa nne. Meza zina vitambaa vyeupe, na mhudumu alinikaribisha kama mgeni asiyenijua, ingawa mwezi wa nne alinishikia tochi. Orodha ya vyakula ilikuwa na kurasa nane. Biriani ipo, makaroni yapo, piza ipo, samaki wa ziwa letu wapo wote, wa kukaanga, wa kuchoma, wa nazi, wa mchuzi. Nikaagiza kuhe wa kukaanga. Kwa wasiomjua, kuhe ni wa ukoo mmoja na sato, ila ndiye anayetajwa kuwa mkubwa kuliko wote katika ukoo ule, na hapatikani kwingine duniani nje ya Ziwa Tanganyika. Akiwa mbichi, nyama yake ni nyeupe, imebana, tamu bila msaada wa kiungo chochote.

Nilisubiri saa nzima na dakika kumi. Alipokuja alikuwa amenyooka kwenye sahani kama rula. Samaki aliyevuliwa usiku akiingia kwenye mafuta ya moto hujikunja, ngozi inapasuka, mkia unanyanyuka. Huyu alilala vilevile alivyokuwa amelazwa kule frizani. Nje alikuwa mkavu na mzuri wa rangi. Nilipofika karibu na uti wa mgongo kidole kikagusa ubaridi. Nyama ilikuwa inachambuka kama pamba iliyolowa, na chini ya samaki kulikuwa na kidimbwi cha maji kilichokuwa kinautafuna ugali wangu taratibu.

Nilijua kilichotokea kabla sijameza. Samaki akigandishwa haraka, chembe za barafu ndani ya nyama huwa ndogo, hazimharibu sana. Akigandishwa polepole kwenye friza iliyosongwa, chembe zinakua, zinaipasua nyama kwa ndani. Umeme ukikatika akayeyuka nusu, ukarudi akaganda tena, yale maji yake yote yanakuja kumwagikia kwenye sahani ya mteja.

Na nani aliwaambia waisonge friza? Mimi. Mwaka 2024, nchi nne zinazolizunguka ziwa zilipokubaliana kulipumzisha, na uvuvi upande wetu ukafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nilipata kazi kuliko mwaka mwingine wowote. Kila mwenye mgahawa alitaka friza ya kuwekea akiba, mpya, mtumba, yoyote ile. Kila niliyemfungia nilimwachia nasaha moja, kwa sauti ya mtaalamu: "Hakikisha imejaa. Friza ikijaa inatunza baridi hata umeme ukikatika." Ni kweli kabisa, kwa friza. Samaki hatukumuuliza. Ziwa lilifunguliwa, wavuvi wakarudi majini, lakini wapo waliojizoesha ile raha ya kuwa na kila kitu kila siku, na hawajaiacha mpaka leo.

Nililipa elfu kumi na nane. Nilikula ugali na kachumbari.

Siku iliyofuata nilikuwa na kazi Kibirizi, kwa mtu wa barafu, na saa saba mchana njaa ikanisukuma kwenye banda la mabati karibu na wanapoanika dagaa. Hakuna friji pale. Hakuna hata waya wa umeme unaofika. Kuna jiko la mkaa, masufuria matatu, mabenchi mawili, ndoo ya kunawia yenye bomba la plastiki, na mama mmoja mnene mwenye kanga kiunoni ambaye hakuniuliza ninataka nini. Aliniuliza, "Sahani ndogo au kubwa?"

Ndicho chakula nilichokikumbuka wiki nzima. Dagaa wabichi, wa usiku uleule, wamepikwa na nyanya, kitunguu na mawese, wazima vichwa na mikia, bado wanang'aa kama sindano. Mawese mekundu yameelea juu, na pilipili moja imewekwa nzima, haikupasuliwa, ikaacha harufu bila kuchoma. Ugali wa muhogo umetoka jikoni sasa hivi, unavutika, ukikata tonge linakuja na uzi. Watu wa mahindi hawauelewi ugali huu. Unatakiwa uulie motoni, usisubiri kusimulia habari. Nilikula sahani kubwa, nikaomba na ndogo. Elfu tano zote mbili.

Nikawa mteja. Nilikwenda siku sita karibu mfululizo, nikatangaza kwa kila fundi ninayemjua. Wiki iliyofuata nikampeleka rafiki yangu wa pikipiki kwa mbwembwe zote, nikakaa kwenye benchi langu, nikasema, "Mama, tuletee wale dagaa."

"Dagaa wapi, fundi?" Hakugeuka hata kunitazama. "Jana hukuuona mwezi?"

Niliuona, nikasema, ulikuwa mzuri.

Hapo ndipo aligeuka. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu aliyechomoa friji kwa kuvuta waya. "Wewe ni mtu wa wapi?"

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu. Sisi ni watu wa milima na maharage, ziwa nilikutana nalo ukubwani. Miaka yote hii nimekula dagaa bila kujiuliza wanafikaje. Yule mama alinieleza huku akikoroga, bila haraka. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Boti inawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wanakusanyika, wavu unawanyanyua. Usiku wa giza ziwa zima linakuwa na taa, ukisimama Kibirizi unadhani kuna mji mwingine majini. Mwezi ukijaa, taa inakosa kazi. Maji yote yana mwanga, dagaa wametawanyika, nani aifuate taa? Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wanashona nyavu, wanalala na wake zao, na yeye anapika maharage na mgebuka mkavu, samaki mwingine wa ziwa letu.

"Sasa ukienda mahali siku kama ya leo," akasema, "wakikuletea dagaa wabichi, ujue wamelala. Wamelala wapi, wewe ndiye fundi, utajua."

Rafiki yangu alicheka mpaka akatoka nje.

Tulikula huo mgebuka. Ulikuwa wa moshi, umelowekwa kidogo, umepikwa na nyanya chungu na mawese mpaka mchuzi umekuwa mzito, na sijui kama niuite wa pili au wa kwanza. Tangu siku hiyo kabla ya kupanga pa kula mchana nilianza kutazama mbinguni usiku uliotangulia. Mke wangu alipopiga simu kutoka Tabora akaniuliza nafanya nini nje saa nne usiku, nikamwambia natazama mwezi, alinyamaza muda mrefu kidogo.

Mwanga nilikula mara nyingi kuliko kwingine, kwa sababu ndiko ninakoishi, lakini mengi ya Mwanga hayana hadithi. Chipsi mayai ni chipsi mayai. Mishikaki ile ya kona ni mizuri ukiifikia saa moja jioni, na ya saa nne ni ileile ya saa moja imepashwa. Kuna mahali pa wali kuku ambapo kuku ni wa kisasa na bei ni ya kienyeji. Basi.

Isipokuwa kwa mama mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, anayepikia uani, meza nne chini ya turubai la bluu. Kiswahili chake ni cha Kongo. Anamwita kila mwanaume "papa", dagaa kwake ni ndagala. Jirani yake Mrundi anayemuuzia mkaa anamwita mgebuka mukeke, na nimewasikia wakibishana kuhusu samaki mmoja kwa majina mawili mpaka mteja akaondoka. Nilikwenda kwa ajili ya sombe, kisamvu kama wanavyokiita wengine, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Siku ya kwanza nilifika saa tano asubuhi, nimetoka kazini Katubuka na njaa ya jana.

"Sombe bado, papa."

Nikaiona sufuria inachemka. Harufu ilikuwa imeshafika barabarani. Nikamwambia mimi sichagui, anipakulie hivyohivyo. Akanitolea macho. Majani ya muhogo yana sumu, akasema, huyatwangi ukayachemsha dakika mbili ukampa mtoto wa mtu. Aliyatwanga alfajiri, ameyachemsha bila kufunika, bado hajayatia mawese wala kitunguu. Saa saba. Nikamwomba basi ndizi. Hakuna ndizi. Chai? Hiyo anauza jirani.

Nilikwenda kunywa chai kwa jirani nikiwa nimenuna, na ni pale kwenye chai, kwa ukweli, ndipo nilipoanza kuliona jambo ambalo wiki zote zile lilikuwa linanipita. Kule kwenye kurasa nane sikuwahi kusikia neno "hakuna". Kila nilichonyooshea kidole kilikuwepo, saa yoyote, mwezi wowote. Kwa mama wa Kibirizi na mama wa Uvira nilikuwa nasikia "hakuna", "bado", "umechelewa", "njoo keshokutwa", na kila mara ilinikera, na kila mara nilichopewa baadaye kilikuwa kizuri. Saa saba nilirudi. Sombe ilikuwa nzito, nyeusi kidogo, karanga zimeyeyukia ndani, na mafuta mekundu yamezunguka pembeni mwa sahani. Sikuongea na mtu.

Ila nisije nikajifanya nimegundua kanuni. Kuna banda moja, si mbali na stesheni, ambapo "hakuna" ni uvivu mtupu. Hakuna limau, hakuna chumvi mezani, na hii ni Kigoma, mkoa wenye chumvi ya Uvinza. Na stendi ya Masanga, siku niliyokwama nikisubiri kipuri kilichokuwa kinakuja na basi la Kasulu, niliambiwa supu imeisha isipokuwa ya chini. Nikaifurahia hiyo ya chini kwa kuwa niliambiwa ukweli. Usiku ule nilijua kwamba ukweli na usafi ni vitu viwili tofauti. Siku mbili nilikuwa mtu wa uji.

Ujiji nilikwenda kwa kazi ya friji ya duka la nyama. Kazi ikavuta mpaka saa tisa na nusu alasiri, gesi inavuja mahali nisipopaona. Nilipomaliza nilishuka kwa miguu chini ya ile miembe mikubwa, upande wa kule wanakokwenda wageni kuangalia mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni wanapiga picha na kurudi mjini kula. Mimi nilielekezwa kwa bibi mmoja wa Kimanyema anayepika barazani kwake, na nilielekezwa na watu watatu tofauti, jambo ambalo huwa naliamini.

Nilimkuta anaosha masufuria. Moja halijaoshwa, limefunikwa kwa sahani, na nikaona ukingo wa ugali. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba, nikamwomba huo uliobaki.

"Huo hapana, mwanangu."

"Bibi, nina njaa, hata ukiwa wa baridi."

Akafunua, akanionyesha. Ugali wa muhogo ukipoa unageuka mpira. Aliubonyeza kwa kidole, ukarudi ulipokuwa. "Huu nikikupa, kesho utasema nini kwa watu? Utasema ulikula kwangu." Nikamwambia sitasema. Akasema, "Utasema tu. Ulivyo, unaonekana msemaji." Kisha akaingia ndani, akatoka na mihogo ya kuchemsha ya nyumbani kwake, kipande cha mgebuka mkavu uliochomwa juu ya mkaa, na chai ya tangawizi iliyochemka mpaka ikakereketa kooni. Nilipotoa pesa alikataa. Alisema hajauza kitu, amemlisha mtoto wa mtu aliyechelewa. Nilirudi keshokutwa saa sita kamili, mapema kama mtu wa usaili, nikala ugali wake motoni, na hiyo nikalipa. Na kweli, nimesema kwa watu. Hapa nasema tena.

Isije ikaonekana naichafua kazi inayonilisha. Kuna mgahawa mmoja mjini, wa kawaida tu, viti vya plastiki, ambao friza yake imenifundisha mimi fundi. Mwenye nyumba ni dada wa makamo. Niliitwa kubadilisha themostati, nikafungua mfuniko, nikaduwaa. Sangala wote wamekatwa vipande vya mlo mmoja mmoja, wamefungwa kwenye mifuko iliyobanwa hewa, wamelazwa bapa, tabaka moja, na kila mfuko una siku iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nafasi iliyobaki amejaza chupa za maji yaliyoganda. Nikamuuliza za nini. "Si ulisema ijae?" Alikuwa amesikia nasaha yangu ya 2024 kwa mtu mwingine, akaitafakari, akaijaza friza maji badala ya samaki. Umeme ukikatika, zile chupa ndizo zinazolinda mifuko. Siku ileile nilibaki kula. Sangala wa nazi, mchuzi mwepesi, nyama imeshikana, hakuna tone la maji kwenye sahani. Nilimwambia nimeshangaa. Alisema yeye ameshangaa kuona fundi anakaa mezani.

Mke wangu alirudi mwishoni mwa mwezi wa kumi na treni iliyochelewa kama kawaida yake, na galoni ya asali ya Tabora, na picha za mjukuu mia mbili kwenye simu. Alifungua friji yetu kabla hajavua viatu. Kulikuwa na chupa ya maji na nusu limau. Akauliza nilikuwa naishi kwa nini wiki sita. Nikaanza kumweleza habari za mwezi, dagaa, sombe, bibi wa Ujiji. Alisikiliza, kisha akasema kila nilichomweleza yeye anakijua tangu tunaoana, na kwamba kwenye yale maelekezo yake ya siku anaondoka habari ya mwezi ilikuwemo.

Jumatatu iliyopita simu iliita saa mbili na nusu asubuhi. Ni meneja wa pale penye vitambaa vyeupe. Friza kubwa imezima tangu usiku, na imejaa. Nilikwenda, nikakuta ni rilei tu imeungua, kile kidude cha kuwashia mota, kazi ya dakika arobaini. Wakati naifungua nilijaribu kumweleza habari ya tabaka moja na chupa za maji. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Lakini fundi, si wewe uliyetuambia tujaze?" Sikuwa na jibu. Mota ikaanza kunguruma. Samaki wa juu walikuwa wameshalegea, na mpishi alikuwa anawarudisha mmoja mmoja ndani, akiwapanga vizuri.

Meneja alifurahi. Akasema leo sitatoka bila kula, ni zawadi yao, jikoni wanakaanga kuhe sasa hivi.

Nikamwambia nashukuru sana, nimeshakula cha mchana. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.